Unakwenda Tokyo kikazi? Achana na hesabu za kuinama

Kila anayepata safari yake ya kwanza ya kikazi Japani huuliza: niiname kiasi gani? Mimi nasema hilo lisikunyime usingizi. Wenyeji wanajua wewe ni mgeni, watakusamehe. Kuna mengine yasiyosameheka kirahisi hivyo.

Kwanza muda. Kikao cha saa nne, fika saa nne kasoro dakika kumi. Kisingizio cha foleni hakina soko kwenye mji wenye treni zinazofuata saa namna ile.

Pili kadi, wenyewe wanaiita meishi. Ipokee kwa mikono miwili, isome, iweke mezani mbele yako. Ukiitia mfuko wa nyuma wa suruali, umelikalia jina la mtu.

La tatu ndilo linaloponza wengi. Ukiambiwa "kento shimasu", yaani tutalifikiria, usikimbilie kumwandikia bosi kwamba dili limekubali. Mara nyingi hiyo ni hapana ya kistaarabu. Na tushangae nini? Mswahili naye akikwambia "tutaangalia", si unaelewa?

Tena huko maamuzi mengi hupikwa kabla ya kikao, kwa kuzungumza na mmoja mmoja, wanaita nemawashi. Kwa hiyo msumbue kwa heshima yule afisa wa chini mnayeandikiana barua pepe, wiki kadhaa kabla hujapanda ndege. Ukisubiri kumshawishi mkubwa mezani, umechelewa.

Mliowahi kufika huko mnasemaje?