Bunduki ya upepo: Springi moja yaweza kumgeuza raia mwema kuwa mhalifu

MJADALA kuhusu silaha unapozuka popote duniani, fikira za wengi huelekea kwenye bastola na bunduki za kivita. Ni nadra kwa yeyote kuitaja bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti bali husukuma risasi ndogo ya madini ya risasi kwa nguvu ya hewa iliyoshinikizwa. Wengi huiona kuwa mwanasesere wa wavulana walio likizoni.

Dhana hiyo ni potovu, na imewagharimu wengine uhai. Mwezi Machi mwaka 2005, mtoto wa umri wa miaka miwili aliuawa jijini Glasgow, Scotland, kwa risasi iliyotoka katika bunduki ya aina hii. Kifo hicho kiliamsha kilio kikubwa cha umma, lakini haki ya kutunga sheria kuhusu silaha ilikuwa mikononi mwa bunge la London. Ilibidi Scotland ikabidhiwe mamlaka hayo kwanza, jambo lililofanyika mwaka 2012. Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Desemba 31, 2016. Tangu siku hiyo, kila amilikiye bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi jouli moja nchini Scotland sharti awe na cheti cha polisi, ambacho kwa kawaida hudumu kwa miaka mitano.

Cha kushangaza ni kwamba mtu akivuka mpaka na kuingia Uingereza yenyewe au Wales, hahitaji cheti hicho. Huko sheria huangalia nguvu ya silaha. Bunduki ndefu ya upepo isiyozidi jouli 16.27, ambazo kwa vipimo vya jadi vya Waingereza ni futi-ratili 12, humilikiwa bila leseni na mtu mzima asiye na rekodi ya jinai inayomzuia. Kwa bastola ya upepo, kikomo ni nusu ya hapo. Ireland Kaskazini nayo hudai cheti kwa silaha inayozidi jouli moja. Ufalme ni mmoja lakini sheria ni tatu.

Ni katika tofauti hii ambapo suala la kuchagua, kutunza na kuboresha bunduki ya upepo linakoma kuwa la mafundi na wapenzi wa kulenga shabaha pekee. Linakuwa suala la sheria na usalama wa umma. Tuanze na uchaguzi wenyewe.

Bunduki hizi ziko za aina tatu kuu. Ya kwanza ni ya springi. Mwenyewe huukunja mtutu au huvuta wenzo uliowekwa kando, springi nene ikabanwa, na anapofyatua, springi hiyo huisukuma pistoni mbele kwa kasi na kuibana hewa iliyo nyuma ya risasi. Haihitaji chochote cha ziada na yaweza kudumu miongo kadhaa. Kasoro yake ni mtikiso: hurudi nyuma kisha huruka mbele kabla risasi haijatoka mtutuni, na mlengaji asipoizoea hukosa shabaha.

Aina ya pili hubeba hewa iliyojazwa awali katika mtungi wake, kwa shinikizo linaloweza kufikia mara 200 ya lile la hewa tunayopumua, au zaidi. Haitikisiki sana, na huweza kufyatua risasi nyingi kabla ya kujazwa tena. Hata hivyo, mnunuzi hujikuta akilipia pia mtungi mkubwa wa akiba kama ule wa wapiga mbizi, au pampu maalumu. Aina ya tatu hutumia vijimtungi vya gesi ya kaboni dayoksidi. Ni rahisi kutumia, lakini kunapokuwa na baridi nguvu ya gesi hupungua na shabaha huyumba.

Wanaonunua kwa mara ya kwanza hukimbilia ile iliyoandikwa kasi kubwa zaidi kwenye kasha. Hapa ndipo pana funzo la kwanza, nalo linatoka katika Michezo ya Olimpiki. Ulengaji kwa bunduki ya upepo kutoka umbali wa mita 10 ulianza kushindaniwa katika michezo hiyo jijini Los Angeles mwaka 1984. Risasi inayotumiwa ina kipenyo cha milimita 4.5, na alama ya katikati, yenye pointi 10, ina upana wa nusu milimita tu. Silaha hizo hurusha risasi kwa takriban nusu ya nguvu inayoruhusiwa Uingereza bila leseni. Mwaka 2008 jijini Beijing, Abhinav Bindra aliipa India dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji binafsi kwa bunduki ya namna hiyo. Mwaka 2024, katika michezo ya Paris ambayo ulengaji wake ulifanyika mjini Châteauroux, Ban Hyo-jin wa Korea Kusini alitwaa dhahabu akiwa na umri wa miaka 16. Ushindi wao haukutokana na nguvu ya silaha. Ulitokana na mtutu mzuri, kifyatulio chepesi, kitako kinachokaa sawasawa begani, risasi za uzito usiobadilika na mazoezi ya miaka mingi.

Kwa hivyo mnunuzi mwerevu hujiuliza kwanza anachokusudia kufanya. Wa kulenga karatasi huchagua kipenyo cha milimita 4.5, kwa kuwa risasi yake ni nyepesi na hunyooka zaidi angani. Wakulima wa Uingereza wanaopambana na panya na sungura waharibifu, wengi wao hupendelea milimita 5.5, ambayo risasi yake ni nzito zaidi. Baada ya hapo hujaribu risasi za aina mbalimbali, kwani bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zaweza kupenda risasi tofauti. Kijikopo cha risasi zinazoafikiana na mtutu huleta faida kuliko vikorokoro vingi vya bei ghali.

Darubini nayo inahitaji uangalifu. Ule mtikiso wa pande mbili wa bunduki ya springi umevunja darubini nyingi ambazo zilistahimili bunduki za baruti, kwa sababu hizo za baruti hurudi nyuma tu. Isitoshe, darubini iliyotengenezwa kwa shabaha ya mita 100 huonyesha ukungu na kupotosha jicho kwenye shabaha iliyo mita 10 au 20. Anayenunua ahakikishe imeundwa kwa bunduki ya upepo na kwamba inaweza kurekebishwa kwa umbali mfupi.

Kuhusu utunzaji, makosa makubwa ni machache. La kwanza ni kuifyatua bunduki ya springi bila risasi ndani. Risasi ndiyo inayoizuia hewa kwa nukta ndogo na kuipunguzia pistoni kasi. Isipokuwepo, pistoni hugonga mwisho wa silinda na kuharibu mpira wake. La pili ni kuiacha imekokiwa kwa saa nyingi, hali inayoidhoofisha springi na kuhatarisha maisha ya watu walio karibu. La tatu ni kumimina mafuta ya kawaida ya mashine katika silinda. Hewa inapobanwa ghafla hupata joto kali, na mafuta hayo huwaka kama dizeli katika injini. Mlio huwa mkubwa na risasi hutoka kwa nguvu isiyotarajiwa. Wapo wanaofurahia mlio huo pasi na kujua kwamba mpira unaungua na springi inaumia.

Kwa bunduki ya mtungi, hatari ni kubwa zaidi. Mafuta ya petroli yakikutana na hewa yenye shinikizo kubwa yanaweza kulipuka, ndiyo maana mafundi hutumia grisi ya silikoni kwenye mipira yake. Hewa inayojazwa sharti iwe kavu, maana unyevu hula chuma kutoka ndani ambako jicho halifiki. Mtungi nao hupaswa kupimwa na wataalamu kwa vipindi vilivyowekwa. Fauka ya hayo, risasi nyingi hutengenezwa kwa madini yenye sumu, na aliyezishika hana budi kunawa mikono kabla ya kula.

Sasa tufike kwenye kuboresha, ambako ndiko kwenye kitovu cha mjadala. Mwenye bunduki huona watu wakisifu springi ngumu zaidi au vali iliyofunguliwa zaidi. Hununua kifaa hicho kwa bei nafuu na kukiweka mwenyewe nyumbani. Hajui kwamba huenda amevuka mstari wa sheria.

Hesabu yake si ngumu. Nguvu ya risasi ni nusu ya uzito wake ikizidishwa kwa kasi yake mara mbili. Chukua risasi yenye uzito wa gramu 0.547. Ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 240 kwa sekunde, ina nguvu ya jouli 15.75, na mwenyewe yu salama mbele ya sheria ya Uingereza. Kasi hiyo ikipanda hadi mita 245, nguvu inakuwa jouli 16.42. Tofauti ya mita tano tu imeigeuza silaha hiyo kuwa ya kuhitaji leseni, na kuwa nayo bila leseni ni kosa linaloweza kumtia mtu gerezani hadi miaka mitano.

Si lazima hata springi ibadilishwe. Bunduki nyingi za mtungi hutoa nguvu zaidi zinapowekewa risasi nzito, ilhali za springi mara nyingi huwa kinyume chake. Polisi wanapoipima silaha iliyotiliwa shaka, huijaribu kwa risasi za aina kadhaa, wala mwenyewe hawezi kujitetea kwamba risasi anayoitumia yeye haivuki kikomo. Kwa sababu hii, kifaa cha kupima kasi ya risasi ni muhimu kuliko nyongeza nyingine yoyote, na fundi mwaminifu hurudisha bunduki kwa mwenyewe ikiwa chini ya kikomo kwa kiasi cha kutosha.

Uingereza iliwahi kuonja hatari ya mabadiliko ya aina nyingine. Kulikuwa na silaha za upepo zilizotumia katriji ndogo zilizojazwa gesi. Wahalifu waligundua kuwa zingeweza kugeuzwa zirushe risasi za baruti. Kupitia sheria ya mwaka 2003, uuzaji wake ulipigwa marufuku, na waliokuwa nazo wakatakiwa kuomba cheti au kuzisalimisha. Sheria hiyo hiyo ilifanya kuwa hatia kubeba silaha ya upepo hadharani pasipo sababu ya maana. Mwaka 2007 umri wa kununua ulipandishwa hadi miaka 18, na tangu 2011 mmiliki anayeshindwa kuchukua hatua za kuzuia watoto wasiifikie bunduki yake anaweza kutozwa faini.

Je, ni Scotland iliyo sahihi au ni Uingereza? Wanaoteta dhidi ya leseni, vikiwemo vyama vya walengaji, husema kwamba mhalifu haombi cheti, na kwamba makaratasi huwachosha polisi na raia wema. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haijibu swali la silaha ambayo imesahaulika kwenye kabati au darini, ambayo kijana huichukua mzazi akiwa kazini. Cheti humlazimisha mmiliki kueleza anaitakia nini silaha yake, na polisi kujua iko wapi. Kabla sheria ya Scotland haijaanza, maelfu ya bunduki zilisalimishwa kwa hiari, nyingi zikiwa za watu ambao hawakuzihitaji tena.

Upande wa pili, leseni pekee haitoshi. Kikomo cha nguvu humlinda hata yule asiyejua kuwa kuna bunduki jirani. Ujerumani huruhusu silaha hizi bila leseni iwapo nguvu yake haizidi jouli 7.5 na ina alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Kanada huangalia kasi pamoja na nguvu. Jimbo la Arunachal Pradesh nchini India lilifuata njia nyingine mwaka 2021 kwa kuwaomba wananchi wasalimishe bunduki zao za upepo kwa hiari, baada ya kuona ndege na wanyama wa porini wakiangamizwa. Kwa maoni yangu, njia bora ni ile inayounganisha kikomo cha nguvu kinachopimika, wajibu wa kuifungia silaha, na kumtambua mmiliki. Scotland imeikaribia njia hiyo kuliko jirani yake.

Wakenya walio ng'ambo wana sababu ya kuyafahamu haya. Aliyenunua bunduki yake kihalali mjini Manchester akihamia Edinburgh bila cheti, amevunja sheria. Naye anayewazia kuifungasha arudi nayo nyumbani asidhani kuwa ni zawadi ya kawaida. Hapa kwetu silaha husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Aanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha kabla hajanunua tiketi, kwa kuwa swali lililoulizwa mapema ni nafuu kuliko kesi.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Bunduki ya upepo ni mwiba mdogo. Mwenye kuichagua kwa busara, akaitunza, akaipima kila anapoibadilisha na kuifungia mbali na watoto, atafurahia mchezo uliowapa wengine medali. Atakayeitaka iwe na nguvu kuliko ilivyoundwa, ajue kwamba risasi ikishatoka mtutuni hairudi.