Tone la Paji la Uso Si Urembo Tu

Ndugu Waislamu, hapa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, huja mabinti wengi wa Pwani kusoma chuoni. Wamo waliolelewa na tamthilia za Kihindi zilizotiwa sauti za Kiswahili, na siku ya sherehe hubandika tone jekundu baina ya nyusi. Ukiuliza, jibu ni moja: "Urembo tu." Na huko makwao mama humlipa mpambaji afanye vivyo hivyo kwenye uso wa biharusi. Je, ni urembo tu?

Tutazame. Bindi ni neno linalotokana na bindu, maana yake tone kwa Kisanskriti. Mahali pale baina ya nyusi Wahindu wengi hupahesabu kuwa pana jicho la ndani, na wafanyao yoga hukusanya fikira zao hapo. Rangi ya asili ni kumkum, unga wa manjano uliogeuzwa mwekundu kwa chokaa. Lakini unga mwekundu unaopakwa juu, kwenye njia ya nywele, ni jambo jingine kabisa. Huo huitwa sindoor. Mume humpaka mkewe siku ya ndoa, na kwa desturi yao mjane huuacha. Basi binti asiyeolewa aliyeiga filamu mpaka akajipaka njia ya nywele, amejitangaza kuwa mke wa mtu, na mume mwenyewe hajulikani!

Wanaume nao wana zao. Mistari mitatu ya majivu iliyolala ni ya wafuasi wa Shiva. Alama iliyosimama, mfano wa herufi U, ni ya wafuasi wa Vishnu. Watu wa Swaminarayan, wenye mahekalu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, huchora U ya msandali na tone jekundu katikati. Mtu wa namna hiyo anaonyesha kwa uso wake anamwabudu nani. Nani atatwambia hiyo ni poda?

Atasimama mjuzi aseme: mbona Bangladesh wanawake wengi wa Kiislamu hubandika tone hilo? Kweli, hubandika. Kule ni ada ya Kibengali waliyozaliwa nayo, na hata hivyo wenyewe kwa wenyewe wanabishana juu yake. Sisi hatukuirithi kwa bibi yeyote. Tumeiokota kwenye televisheni, bila ya kuuliza mwenyewe nani. Na Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha na kujifananisha na wengine.

Hata hivyo, wako wenzetu wanaokataa tone hilo kwa uongo. Husema ni damu, husema ni chapa ya shetani, kisha humcheka mama wa dukani mbele ya watoto wao. Wengine humwona Mhindi yeyote wakadhani ni mamoja. Wazee wa Pwani walikuwa na adabu zaidi ya hiyo katika lugha: asiye Mwislamu walimwita Baniani, na Mwislamu wakamwita Muhindi, kwa kuwa walijua Bohora na Ithnaasheri hawapaki kitu. Tunao wazee ambao vipaji vyao vimeota sugu kwa kusujudu. Sura ya Al-Fat'h inataja athari hiyo ya sijida nyusoni. Je, mtu akimcheka mzee huyo akisema hakuoga, tutanyamaza?

Na urembo haujatupungukia. Kiswahili chenyewe huita kipaji ile rangi ya kupambia paji la uso, tangu kabla ya sinema kufika. Iko liwa, inayosagwa juu ya jiwe kwa maji. Iko dalia, uko wanja, iko hina. Mpambaji akifungua mkoba wake na kutoa vile vibandiko vyekundu, mama wa biharusi amuulize kwanza vina maana gani. Akishindwa kujibu, avirudishe mkobani, na jiwe la liwa liletwe.