Kuhama si kuhamia

Kila mwaka maelfu ya watumishi wa umma nchini Kenya hutimiza umri wa miaka 60 na kukabidhi ofisi. Huandaliwa karamu, hupigwa picha, na aghalabu huzawadiwa toroli, mabuti ya mvua au mtamba wa ng'ombe. Kisha mkubwa wa idara husimama na kutoa hotuba ambayo sote tunaijua kwa moyo: "Umetumika vya kutosha. Sasa nenda nyumbani ukapumzike."

Naandika makala haya nikiwa na miaka 48, na hotuba hiyo imeanza kunitia hofu. Sihofii uzee. Nahofia neno moja tu lililomo humo, nalo ni "nyumbani".

Kaka yangu mkubwa alistaafu mwaka 2019 baada ya kufanya kazi Mombasa kwa miaka 35. Aliondoka kwetu, Kaunti ya Kakamega, akiwa kijana wa miaka 25. Huko Pwani alimwoa muuguzi, mzaliwa wa Taita, wakalea watoto wanne kwa Kiswahili. Alipostaafu, naye shemeji akiwa ameacha kazi mwaka huo huo, walipakia vyombo kwenye lori na kurudi kijijini, katika nyumba ya mawe aliyokuwa ameijenga kidogo kidogo kwa muda wa miaka 12.

Baada ya miaka miwili shemeji alirejea Mombasa, akakaa karibu na binti yake. Kaka alibaki. Hawakutengana wala hawakukosana. Ila leo ni mtu na mkewe wanaojuliana hali kwa simu kila jioni, mmoja magharibi mwa nchi na mwingine ufuoni mwa bahari, katika umri ambao walitarajia kuota moto pamoja.

Nilipomuuliza shemeji kilichomwondoa, alinijibu kwa upole, "Shemeji, kaka yako alirudi kwao. Mimi nilikwenda wapi?"

Swali hilo limenikaa kichwani hadi leo. Kwa kuwa riziki yangu ni uchunguzi wa lugha, naomba msomaji aniwie radhi nikianza kulijibu kwa sarufi. Kiswahili kina kitenzi "hama", maana yake kuacha mahali. Ukikinyambua ukapata "hamia", macho hugeuka kutoka uliko hadi unakokwenda. Ukisema "amehama" waweza kukoma hapo, na sentensi imetimia. Ukisema "amehamia", msikilizaji hungoja umtajie mahali. Wastaafu wetu wengi huhama barabara, lakini hawahamii popote. Lori hufika, vitanda huingizwa ndani, mwenyewe akabaki njiani.

Hata lugha ya mama ilimsaliti kaka yangu. Aliondoka na Kiluhya cha ujana wake, akakitunza kama nguo ya sikukuu. Aliporudi, vijana walicheka maneno yake kimya kimya, maana mengine walikuwa wameyasikia kwa babu zao pekee. Mizaha ya sokoni ilimpita. Shemeji naye alikuwa mgeni mara mbili: mgeni wa mahali na mgeni wa lugha. Katika kikao cha akina mama mazungumzo yalianza kwa Kiswahili kwa heshima yake, na baada ya dakika kumi yakarejea katika lugha ya kijiji. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakupewa jembe hata siku ya mia tatu. Alipewa kiti tu.

Ni nani basi aliyetufundisha kwamba mtu aweza kukaa mahali miaka 35 na pasiwe kwake? Jibu limo katika historia yetu. Utawala wa kikoloni uliuona mji kuwa mahali pa kazi ya Mwafrika, si makazi yake. Kipande, kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimfunga mfanyakazi kwa mwajiri, na chumba alichopewa mjini kilikuwa cha mtu mmoja, kana kwamba hana mke wala wana. Mkataba ukiisha, alitarajiwa kurudi "hifadhini". Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini fikira hiyo tuliirithi pamoja na majengo.

Tuliishuhudia mahakamani. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukapinga. Kesi hiyo iliiteka nchi nzima kwa miezi kadhaa, na kiini chake kilikuwa tofauti ya maneno mawili: nyumba na nyumbani. Ilielezwa kwamba mwanamume Mjaluo aweza kuwa na nyumba popote, lakini nyumbani kwake ni katika ardhi ya wazee wake. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Sikusudii kuzidharau mila. Mwacha mila ni mtumwa, na kaburi la baba yangu li kijijini vilevile. Nasema tu kwamba hoja iliyoamua mahali pa kumzika maiti haitoshi kuamua mahali pa kumweka mtu aliye hai, mwenye mke, maradhi na marafiki.

Isitoshe, swali la "kwenu ni wapi?" lina upande wa giza. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Wengi wao walikuwa wamekaa Bonde la Ufa kwa miongo kadhaa, na baadhi walizaliwa huko. Wakaambiwa warudi kwao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Hata hivyo, sheria yaweza kukupa ruhusa ya kukaa mahali, lakini haiwezi kukupa jirani wa kukubishia hodi.

Je, tufanye nini? Kwanza, tuache kuudhania uhamiaji huu kuwa suala la fedha pekee. Tangu Januari 2021 watumishi wa umma wamekuwa wakichangia malipo yao ya uzeeni, wakianza kwa asilimia 2 ya mshahara na kupanda hadi asilimia 7.5 kuanzia mwaka wa tatu, huku serikali ikiongeza asilimia 15. Hiyo ni hatua njema. Lakini ni nani anayechangia hazina ya ujirani? Nyumba ya kaka yangu ilijengwa kwa miaka 12, na katika miaka hiyo yote alikwenda kijijini kwa mazishi na Krismasi tu. Akijua bei ya kila bati, hakujua majina ya watoto wa jirani.

Pili, serikali za kaunti, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 2013, ziwatambue wastaafu hawa kuwa rasilimali. Shemeji alikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka miwili aliyokaa kijijini hakuna aliyemwita hata kuwafunza akina mama wajawazito. Laiti angeitwa, huenda angekuwa huko hadi leo, maana kazi ndiyo lugha ambayo hakuhitaji mkalimani kuisema.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, tuwaache watu wachague. Atakaye kurudi alikozaliwa na arudi. Atakaye kuzeekea Mombasa, Nakuru au Kitale asiitwe mpotevu. Na palipo na wawili, swali liulizwe na wote wawili, mapema, kabla ya tofali la kwanza. Kaka yangu hakuwahi kumuuliza mkewe. Aliamini kwamba jibu linajulikana.

Nami nilikaribia kufanya vivyo hivyo. Mwaka jana nilianza kuchimba msingi wa nyumba kando ya boma la kaka. Baada ya maneno ya shemeji, niliwasimamisha mafundi, nikarudi Nairobi, nikamwuliza mke wangu, ambaye amezaliwa Machakos, angependa tuzeekee wapi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba katika miaka 19 ya ndoa yetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa.

Bado hatujapata jibu. Msingi umeota nyasi, na majirani kijijini wanasema mwalimu wa chuo kikuu ameishiwa pesa. Na waseme. Tumebakiwa na miaka ya kutosha ya kulitafuta jibu hilo pamoja. Kaka yangu na shemeji walianza kulitafuta lori likiwa tayari mlangoni.