Pumzi imerudi, kano bado

Mzazi wa miaka 45 akianza kukimbia kila alfajiri, pumzi humrudia ndani ya wiki chache. Hapo ndipo anapojidanganya. Kano, zile kamba zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, huimarika taratibu kuliko moyo na misuli, na umri ukisonga huchelewa kupona.

Dalili huanza asubuhi: akishuka kitandani kisigino kimekakamaa, akitembea kinalegea. Wengi hupaka dawa ya kuchua na kuendelea. Afadhali apunguze umbali, apumzike siku moja kati ya mbio na mbio, na ainue visigino polepole akishika ukuta. Viatu vilivyolika soli navyo vistaafu.

Akisikia “pa!” nyuma ya mguu kama amepigwa teke, awahi hospitali siku hiyohiyo.