Anayenunua Nyumba Kuukuu Hanunui Kuta Peke Yake

Imekuwa desturi sasa: mtumishi wa Serikali akipata kiinua mgongo, au mwalimu akikubaliwa mkopo wa benki, wazo lake la kwanza ni kununua nyumba kuukuu ya vyumba sita Magomeni au Manzese, kisha aketi kungojea kodi. Hakuna sheria inayomzuia. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kumiliki nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Na mwaka 1991, huko Zanzibar, Chama kililegeza masharti ya uongozi. Mlango ukafunguliwa. Je, ulifunguliwa ili mnyonge akamuliwe?

Tazameni anavyoingia mnunuzi huyo. Nyumba ina familia sita na choo kimoja uani. Bati limeliwa na kutu, shimo la choo limejaa. Yeye hagusi bati wala shimo. Anapandisha kodi, tena anadai ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mama anayeuza vitumbua aitoe wapi? Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango, iliyokuwa kinga ya mpangaji, ilifutwa mwaka 2005, na bwanyenye wetu mpya anayajua hayo kuliko anavyozijua hati za nyumba yake mwenyewe.

Na hati zenyewe! Wangapi wamenunua kwa maneno ya dalali na karatasi iliyogongwa muhuri mtaani? Baadaye huibuka mke ambaye hakuulizwa, ingawa Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake. Au warithi ambao hawajapata msimamizi wa mirathi. Ajabu ni kwamba mnunuzi ni mtu wa mafaili, lakini hakufika ofisi ya ardhi kulitazama faili moja.

Hesabu yake ni vyumba sita mara miezi kumi na miwili, basi. Bati, nyaya za umeme, kuta za udongo zilizofichwa na lipu, vyote havimo. Upungufu ukijitokeza, anatwishwa mpangaji.

Anayetaka kupangisha na atengeneze choo kwanza, aandike mkataba, apokee kodi mwezi kwa mwezi. Asiyeyaweza hayo akanunue hatifungani za Serikali. Hizo hazivuji mvua ikinyesha, wala hazina watoto wa kufukuza.