Kucha za rangi si cheti cha utajiri

"Huyu mwenye kucha nyekundu anajiweza."

Maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu, hapa Nakivale, mbele ya meza ya watu waliokuja kuandika majina ya wakinamama wa kupewa mtaji mdogo wa biashara. Aliyesema hakumwambia dada mwenyewe. Alimwambia mwenzake, kwa Kiingereza, huku akicheka kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilohilo kwa sababu nilikuwa mkalimani. Sentensi ile sikuitafsiri. Nilinyamaza, na mpaka leo inaniuma kwamba nilinyamaza.

Orodha ilipobandikwa, jina la dada yule halikuwemo. Sisemi kwamba ni kucha tu zilizomnyima, maana karatasi zao sikuziona. Nasema hivi: aliulizwa maswali mengi siku ile, lakini kuhusu kucha hakuulizwa hata moja. Kucha ziliangaliwa na hukumu ikatoka palepale.

Wangemuuliza angewajibu, na jibu ni fupi. Kucha zile nilimpaka mimi.

Mimi nafanya kazi na vijana. Kila Jumamosi mchana wasichana wanakuja kwangu, tunakaa kwenye mkeka, tunajifunza kupaka rangi ya kucha. Sisi tuliotoka Congo tunaita verni, wenyeji wetu Waganda wanasema cutex, ni kitu kilekile. Tulikuwa wanane. Kila mmoja alitoa shilingi 500, tukanunua chupa mbili za 2,000, nyekundu na nyeupe. Chupa hizo zilitufikisha miezi mitatu. Shilingi 500 kwa miezi mitatu, haya, nionyesheni utajiri uko wapi hapo. Hainunui hata nusu kilo ya unga.

Vifaa vingine havina bei. Kijiti cha meno ndiyo kalamu yetu ya kuchora maua. Kichwa cha pini kinatoa nukta nzuri za mviringo. Kipande cha sponji ya godoro kuukuu kinachanganya rangi mbili mpaka huoni moja inaishia wapi. Selotepu inanyoosha mstari. Tumejifunza kwa kuharibu kwamba tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, na kwamba asiyengoja tabaka la kwanza likauke atafuta yote aanze upya.

Sasa, mtu akijifunza kupaka anahitaji mikono ya kujifunzia. Dada yule ni jirani yangu, anauza sombe, ana watoto watatu. Tulimwomba atuazime mikono yake, akakubali. Hakutoa hata senti. Alikaa dakika arobaini, akasema ni mara ya kwanza tangu avuke mpaka mtu kumshika mkono bila kumtaka aweke dole gumba kwenye mashine. Jumatatu akaenda kwenye meza na mikono ileile.

Wafanyakazi wa mashirika, naongea nanyi kwanza. Nawaheshimu, wengine wenu ni marafiki zangu, na najua pesa zinazoletwa hazitoshi watu wote na lazima mchague. Lakini mkichagua kwa macho, mnatufundisha kuigiza. Mnajua kinachotokea usiku wa kuamkia siku ya kuhakikiwa? Wanawake wanakwangua verni kwa wembe. Wanavua hereni. Wanamwachia jirani kanga nzuri, wanavaa ile iliyochanika. Mtoto anaangalia mama yake akijichakaza ili aaminiwe, na anajifunza kwamba ukweli hauleti chakula, sura ya mateso ndiyo inayoleta. Halafu mnatuitia semina ya uaminifu!

Mkitaka kujua hali ya mtu, ulizeni amekula mara ngapi jana. Ulizeni deni lake dukani. Angalieni sufuria. Umaskini unakaa huko, hauishi kwenye ncha za vidole.

Pili, naongea na wazee wetu. Baba mmoja alinisimamisha njiani akaniambia, "Binti yangu, nani atakuowa na ile makucha?" Wengine hawaniulizi, wanatumia lile neno la wanawake wa barabarani. Shikamoo wazee wangu, lakini nisikilizeni. Ninyi mmekulia kwenye nchi ya Papa Wemba. Mnajua sape ni nini. Mnajua wanaume wa Kinshasa wanaokaa chumba kimoja cha kupanga lakini kiatu kinang'aa na soksi inafanana na tai, nanyi mnawasimulia kwa sifa, mnasema wana adabu ya mavazi. Mwanaume maskini akipendeza ni msanii. Msichana maskini akipendeza ni malaya. Mizani gani hiyo?

Na urembo wa mikono haukuja na verni. Angalieni majirani zetu Wasomali hapahapa, wanavyochora hina wakati wa arusi, na hakuna anayewatukana. Wasichana wawili wa kundi letu ni Waislamu na wao hawapaki verni siku za kuswali, kwa sababu inafunika ukucha na maji ya udhu hayafiki. Hina haifuniki, inaingia tu rangi. Basi wao wametufundisha hina, sisi tumewafundisha kuchora kwa kijiti. Niambieni ni mkutano gani wa amani uliowahi kutuweka Mkongomani na Msomali mkeka mmoja saa tatu bila mtu kugombana.

Tatu ni suala la kazi. Kila mradi wa ujuzi unaokuja kambini ni uleule: cherehani na sabuni. Sina ugomvi na cherehani, mama yangu ni mshonaji. Lakini hesabuni wenyewe mafundi cherehani waliopo barabara moja tu, kisha hesabuni wateja. Nilipopendekeza mafunzo ya kucha niliambiwa kwa upole kwamba hicho si kitu cha maana kwa wakimbizi.

Si cha maana? Mwaka 1975, baada ya vita vya Vietnam, wakimbizi wanawake waliwekwa kwenye kambi iliyoitwa Hope Village, huko Weimar, California. Mwigizaji mmoja wa sinema, Tippi Hedren, alikuwa akijitolea pale. Naye alianza kama wanavyoanza wote: aliwaletea watu wa kuwafundisha kushona na kupiga taipu. Lakini wale wanawake walikuwa wanaziangalia kucha zake. Hakukasirika. Alimleta fundi wake mwenyewe wa kucha awafundishe, wanawake 20, kisha wakasaidiwa kuingia chuo na kupata leseni. Leo biashara ya kucha Marekani kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa watu wenye asili ya Vietnam. Watu wanasema usione vyaelea, vimeundwa. Ile kazi kubwa iliundwa kambini, na wakimbizi, kwa sababu mtu mmoja aliangalia wanawake wanapenda nini badala ya kuwaambia wapende nini.

Simdanganyi mtu. Nakivale si California. Wateja wetu hawana pesa, na mimi sijaona msichana aliyejenga nyumba kwa verni. Lakini Kampala kuna vijana, tena wengi ni wanaume, wanaotembea mtaani na kikapu cha chupa na beseni wakitengeneza kucha za watu, na wanakula kwa kazi hiyo. Hapa kambini siku ya arusi bibi arusi anatafuta mtu wa kumpamba, na mara nyingi anayelipwa anatoka Mbarara. Kwa nini asilipwe mtoto wetu?

Sasa nijikosoe mwenyewe, maana polemiki isiyojikosoa ni kelele tu. Mwanzoni tulifanya makosa. Tulikuwa tunatumia wembe mmoja kwa wote kukata ngozi ya pembeni, mpaka muuguzi akatuambia kwamba damu ya mmoja ikiingia kwa mwingine inaweza kupeleka hepatitis B au ukimwi. Siku hizi ngozi hatuikati, tunailainisha kwa maji ya vuguvugu na kuisukuma. Tulikuwa tunafuta rangi kwa asetoni karibu na sigiri. Asetoni inashika moto haraka, hata mvuke wake. Siku hizi tunafutia nje, mbali na jiko, na watoto wadogo hatuwapaki kwa sababu wanatia vidole mdomoni. Na ile piko nyeusi inayochanganywa na dawa ya nywele tumeikataa, msichana mmoja ilimtoa malengelenge mkono mzima. Ukienda hospitali, futa rangi angalau kidole kimoja, maana kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kusoma vibaya.

Mnaona? Hata afya imefundishwa kwenye mkeka ule, bila bango wala posho ya usafiri.

Basi naomba mambo matatu. Wenye meza na orodha: kabla hamjaandika "anajiweza", ulizeni swali moja zaidi, na mwambieni mtu usoni kwa lugha anayoielewa kile mlichoandika. Wazazi na viongozi wa dini: njooni mkae nasi Jumamosi moja kabla hamjatutukana. Wapanga miradi: wekeni ufundi wa kucha na hina kwenye orodha ya mafunzo, pamoja na usafi wake, kisha waacheni wasichana wachague wenyewe.

Dada yule bado anauza sombe. Hajarudi kwenye mkeka. Nilipomwita alinionyesha vidole vyake vitupu akasema, "Ngoja kwanza waandike majina tena, dada." Kwenye ukucha wa kidole cha shahada kuna alama ya wembe, aliukwangua sana.

Mimi nilikosea siku ile kwa kunyamaza. Ndiyo maana nimeandika. Aliyesema sentensi ile, kama unasoma gazeti hili, sina kinyongo nawe. Jumamosi saa tisa mchana, njoo. Mkeka upo, na nyekundu imebaki kidogo.