Staji ya udaktari: wanafunzi nao waketi mezani

Katika miji ya Bukavu, Goma na Kisangani, wanafunzi wa udaktari wanaokaribia mwisho wa masomo hupelekwa hospitalini kwa staji. Wanapita katika idara kubwa nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Mara nyingi ratiba hupangwa na kitivo pamoja na wakuu wa idara, na mwanafunzi huikuta imekwisha kubandikwa ukutani. Hapo ndipo penye kasoro.

Anayejua namna staji inavyokwenda saa nane za usiku ni yule aliye zamu. Yeye ndiye anayeona asubuhi wenzake wamejazana kwenye kitanda kimoja, na usiku akakosa wa kumwongoza. Yeye pia anajua kama daftari yake ya staji imejaa sahihi za kazi alizotazama tu.

Jambo hili si dogo. DRC ina maeneo ya afya 519, na mengi yako mbali na miji. Daktari kijana akitumwa Shabunda au Walikale, anaweza kujikuta peke yake mbele ya mama aliyeshindwa kujifungua, na lazima ampasue. Kama wakati wa staji alishika tu vifaa huku wengine wakishona, atakayelipa ni huyo mama.

Wapo wanaosema kwamba mwanafunzi hawezi kupanga asichokijua bado, na kwamba atachagua njia nyepesi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hakuna anayeomba mwanafunzi ajitungie mtihani. Malengo yabaki mikononi mwa walimu. Mwanafunzi aseme idara gani imejaa kupita kiasi, wapi hakuna msimamizi, na kazi gani afundishwe kwanza. Hata Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari (WFME), katika kanuni zake za mwaka 2015, lilitaka wanafunzi washirikishwe katika kuandaa programu.

Kushirikisha si kumwita shefu wa promosheni aketi mkutanoni na kunyamaza. Daktari anayekosolewa ndiye anayetoa pointi, nani atathubutu? Kwa hiyo maoni yakusanywe kwa maandishi bila majina, kisha wawakilishi wawili wayapeleke: mmoja anayeingia staji, mwingine aliyeimaliza. Mkutano ufanyike kabla ya ratiba kubandikwa, na wauguzi wakuu wawepo, maana wanawaona wanafunzi kila siku kazini. Baadaye kitivo kieleze nini kimekubaliwa, nini kimekataliwa na kwa nini.

Mfumo wa LMD, ulioanza nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, umevilazimisha vyuo vikuu kuandika upya programu zao. Nafasi ni hii. Haihitaji pesa za wafadhili. Inahitaji meza moja, saa mbili, na wakuu wa vitivo walio tayari kusikiliza.